Mfuate Karani: Namna ya Kutafuta Habari za Kale Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Mji

Mtu anafika kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji, anasogea mezani, anasema: "Nimekuja kutafuta habari za babu yangu." Mtunza nyaraka anamuuliza: "Alikaa mtaa gani? Alifanya kazi gani? Alijenga, alipanga, alisoma, alilazwa, alishtakiwa?" Wengi hapo hukunja uso, wakidhani wanazungushwa. Kumbe hilo ndilo swali litakalowafikisha.

Hakuna mji uliofungua jalada lenye jina la babu yako ukaliweka likungoje. Kila karatasi iliyomo mle iliandikwa na karani fulani wa ofisi fulani, akiwa na kazi yake ya siku hiyo: kukusanya kodi, kutoa kibali, kuhesabu waliokufa kwa kipindupindu, kujibu barua ya mtu aliyelalamikia mtaro. Alipomaliza, karatasi ikafungwa na kuwekwa. Ukitaka kumpata mtu wako, au nyumba, au mtaa, huna budi umfuate karani huyo hadi mezani kwake. Hatua zote zinazofuata hapa zimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: swali moja, kabla hujatoka nyumbani

Andika swali lako kwa mstari mmoja. "Historia ya mtaa wetu" si swali, ni bahari. "Nani alimiliki nyumba ya pembeni kati ya 1920 na 1940" ni swali, kwa sababu lina mahali, lina kipindi, na lina kitu ambacho ofisi fulani ililazimika kukiandika.

Chini ya swali hilo andika yote unayoyajua, na mbele ya kila jambo uandike ulikolipata. Tenganisha uliyoyaona kwenye karatasi na uliyosikia kwa mdomo. Yote mawili yana thamani, lakini siku yakipingana utahitaji kujua lipi lilitoka wapi.

Kaa na wazee kwanza. Usiwaulize mwaka, kwani watu wachache hukumbuka miaka. Waulize kama ilikuwa kabla ya mafuriko yale au baada, kabla ya daraja kujengwa au baada, mtoto yupi alikuwa amezaliwa. Matukio hayo yana tarehe kwenye nyaraka, nawe utayatumia kama vigingi vya kufungia mambo mengine.

Halafu orodhesha majina, na hapa usifanye haraka. Karani aliandika alivyosikia. Kama hakuwa mwenyeji wa lugha ya aliyesimama mbele yake, jina moja linaweza kuwa limeandikwa kwa namna tano katika madaftari matano. Andika kila namna unayoweza kuifikiria: herufi zilizodondoshwa, l na r zilizobadilishana, jina la baba lililogeuzwa kuwa la ukoo, jina la ubini na la ndoa, lakabu ya mtaani. Andika pia majina ya majirani na ya wenye biashara waliokuwa karibu. Mara nyingi utamfikia mtu wako kupitia kwa jirani yake.

Hatua ya pili: ofisi gani ilimgusa?

Mwaka 1841 serikali ya Ufaransa ilitoa waraka, ulioandaliwa na Natalis de Wailly, ulioagiza kwamba karatasi zilizotoka ofisi au taasisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za wengine. Kanuni hiyo ilienea, na leo ndiyo inayotawala hifadhi nyingi duniani. Maana yake kwako ni hii: usitegemee kukuta rafu iliyoandikwa "maji" au "shule" au "wahamiaji". Habari za maji zitakuwa kwa mhandisi wa mji, kwenye mihtasari ya kamati ya afya, kwenye leja za mweka hazina, na kwenye barua za wananchi waliokosa maji, kila fungu mahali pake.

Kwa hiyo chukua mtu wako, au jengo lako, umpitishe kwenye ofisi za mji moja baada ya nyingine. Kama alikuwa na nyumba, alilipa kodi ya jengo, na kama aliijenga au aliiongeza chumba, kuna ombi la kibali na pengine ramani ya fundi. Mwenye duka au mkokoteni alikata leseni. Mtoto aliyesoma shule ya mji aliandikwa kwenye rejista ya uandikishaji, na mara nyingi jina la mzazi na kazi yake yapo palepale. Waliozikwa makaburi ya mji wamo kwenye daftari la mazishi, na mengine hutaja hata namba ya kaburi. Aliyeajiriwa na mji, hata kufagia barabara, yumo kwenye orodha ya mishahara. Aliyegombana na mji yumo kwenye majalada ya barua, na huyo ndiye mwenye bahati kwetu sisi, kwa sababu mgogoro huzaa karatasi nyingi kuliko amani.

Mihtasari ya vikao vya baraza watu huipita haraka kwa kuwa inachosha. Isome. Miji mingi iliiwekea fihirisi ya majina na mitaa mwishoni mwa kila kitabu, na mstari mmoja wa azimio utakupa tarehe na namba ya faili ambalo bado liko stoo.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, ningeomba daftari la kodi ya majengo. Mara nyingi ni kitabu kikubwa, kizito, mgongo wake wa ngozi umeoza na kuacha vumbi jekundu vidoleni. Ukikifungua utakuta safu: namba ya nyumba, mwenye nyumba, mkaaji, aina ya jengo, thamani yake, kodi inayodaiwa, kodi iliyolipwa. Sasa tazama kwa karibu. Mwenye nyumba anapofariki au kuuza katikati ya mwaka, karani haanzi ukurasa mpya. Anapiga mstari mmoja juu ya jina, na juu ya mstari anaandika kwa wino mwingine jina la mjane, la mtoto au la mnunuzi, na pembeni anaweka herufi mbili za jina lake na tarehe. Nyumba ikiwa haina mtu anaandika "tupu". Mimi mstari wa namna hiyo umewahi kunipa mwezi wa kuanzia kutafuta kifo ambacho ukoo mzima ulikuwa unakibishania kwa tofauti ya miaka sita. Haukuwa tarehe ya kifo, lakini ulinionyesha rejista ya mazishi niifungue wapi. Na kwa kuwa kodi ilidaiwa kila mwaka, unaweza kuifuata nyumba moja daftari hadi daftari, uone ikipandishwa thamani, ikipangishwa, ikigawanywa mara mbili.

Ofisi unayoihitaji inaweza isiwe ya mji wenyewe. Hifadhi nyingi za miji hupokea pia nyaraka za hospitali, makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi, klabu za michezo na kampuni. Hifadhi ya London, yenye zaidi ya kilomita 100 za nyaraka, ina kumbukumbu za Foundling Hospital, taasisi ya kulea watoto walioachwa na mama zao, iliyopokea watoto wa kwanza mwaka 1741. Wakati ule mama hakulazimika kutaja jina. Karani alijaza fomu ya jinsia ya mtoto, nguo zake na alama za mwilini, na mara nyingi akabana kwa pini kipande cha kitambaa, ili siku mama akirudi mtoto atambulike. Zaidi ya vipande 5,000 vimebaki vimebanwa kwenye karatasi zile. Karani alitaka tu kumtambua mtoto, lakini leo vipande hivyo ndivyo mkusanyo mkubwa kabisa nchini Uingereza wa vitambaa vilivyovaliwa na watu wa kawaida katika karne ya 18. Nikifikiria mkono uliochoma pini ile, na mkono wa mama uliotoa kitambaa, huwa sioni karatasi za ofisi tena. Lakini njia ya kuzifikia ni ileile: uliza taasisi gani ilihitaji kuandika nini.

Hatua ya tatu: ingia kwenye katalogi, na uisome kama ilivyo

Hifadhi nyingi zina katalogi kwenye intaneti. Nyingine zina kadi kwenye droo au orodha zilizopigwa taipu. Zote hushuka ngazi kwa ngazi: juu kabisa taasisi, chini yake idara, kisha mfululizo wa madaftari au mafaili, kisha boksi, kisha kablasha moja moja. Mtu anayeandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia akakosa, akafunga kompyuta, amefanya kosa kubwa kuliko yote. Katalogi haina majina ya watu wote waliomo. Inaweza kuwa na mstari mmoja tu, "madaftari ya kodi, vitabu 64", na ndani ya vitabu hivyo wamo maelfu ya watu.

Anza basi na taasisi, ushuke. Soma maelezo ya juu kabla ya orodha ya chini, kwa sababu huko ndiko wanakoeleza ofisi iliundwa lini, ilibadilishwa jina lini, karatasi zake zilihamia kwa nani, na miaka gani imepotea. Ofisi ya afya ya mji inaweza kuwa ilianza kama kamati ya usafi, na ukitafuta neno "afya" peke yake utaikosa miaka thelathini ya mwanzo. Tumia maneno ya zama zile. Maneno mengine ya zamani yanaumiza kuyasoma leo, hasa yale waliyoitwa watu maskini, wagonjwa wa akili au watu wa rangi fulani, lakini karani aliyatumia na katalogi mara nyingi imeyabeba kama yalivyo.

Nakili namba ya rejea yote, pamoja na mikwaju na nukta zake. Namba hiyo ni anwani. Ukikosea tarakimu moja utaletewa boksi jingine.

Yaliyopigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti ni sehemu tu. Hifadhi ya mji wa Amsterdam imefanya kazi kubwa ya kupiga picha na kuweka kwenye intaneti nyaraka za manotari wa mji huo (maofisa walioandika na kuthibitisha mikataba na wosia) za 1578 hadi 1915, zinazojaza takriban kilomita tatu na nusu za rafu na ambazo mwaka 2017 ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mji wenye uwezo wa kufanya hivyo si wa kawaida. Kwingine kote, ukisema "nimetafuta mtandaoni sikuona", bado hujatafuta.

Je, kama nyaraka zimeungua?

Hapa sina budi nisimame kidogo, kwa kuwa watu wengi hukata tamaa wakiambiwa "hizo ziliungua". Mara nyingine ni kweli. Mwaka 1871, mwishoni mwa Mei, Paris ilikuwa vitani na majengo mawili yakateketea: ukumbi wa mji na kasri la mahakama. Moja lilitunza rejista za vizazi, ndoa na vifo, na la pili lilitunza nakala zake. Rejista za mji huo za kabla ya 1860 zikapotea katika sehemu zote mbili kwa mpigo. Dublin, tarehe 30 Juni 1922, jengo la kumbukumbu za umma liliungua wakati wa mapigano na karatasi za karne nyingi zikageuka majivu. Köln, nchini Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, jengo zima la hifadhi ya mji lilianguka karibu na machimbo ya reli ya chini ya ardhi, watu wawili wakafariki, na nyaraka zikazama kwenye kifusi na maji.

Lakini tazama kilichofuata. Paris ilirejesha takriban theluthi moja ya rejista zile, na ilifanya hivyo kwa kuwafuata makarani wengine: vitabu vya makanisa, majalada ya manotari, na vyeti ambavyo watu walikuwa navyo nyumbani. Köln walichimbua sehemu kubwa mno ya karatasi zao, wakazigandisha zilizolowa ili zisiote ukungu, na kazi ya kuzikarabati inahesabiwa kwa miongo. Kwa hiyo ukiambiwa zimeungua, uliza maswali mawili. Nani mwingine alipelekewa nakala? Na nani mwingine aliandika habari ileile kwa kazi yake? Baraza la mji lilituma taarifa serikali kuu. Benki ilishika hati kwa ajili ya mkopo. Gazeti lilichapisha orodha ya wadaiwa wa kodi. Wakili aliweka nakala ya mkataba.

Hatua ya nne: andika kabla ya kwenda

Tuma barua pepe au piga simu. Boksi unalolitaka linaweza kuwa limehifadhiwa jengo jingine na huchukua siku kuletwa, au liko kwa mafundi wa ukarabati, au halijafikia muda wa kufunguliwa. Miji na nchi hufunga nyaraka zenye habari za watu binafsi kwa miaka kadhaa: Marekani fomu za sensa hufungwa miaka 72, na ndiyo maana za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Uingereza ni miaka 100. Mafaili ya hospitali, ya shule na ya watoto walioasiliwa nayo huwa na masharti yake. Wakati mwingine ndugu wa karibu akionyesha uthibitisho hukubaliwa mapema. Uliza.

Barua nzuri ni fupi na inaonyesha kwamba umeshafanya sehemu yako. Mathalani:

"Habari za kazi. Natafuta wamiliki na wakaaji wa jengo lililoko makutano ya mtaa fulani na fulani, kati ya 1920 na 1940. Nimeona kwenye katalogi yenu madaftari ya kodi ya majengo ya 1918 hadi 1935, namba za rejea ni hizi. Naomba kujua kama yanatolewa kusomwa, kama yapo ya baada ya 1935 ambayo hayajaingizwa kwenye katalogi, na kama mafaili ya vibali vya ujenzi ya eneo hilo yako kwenu au bado yako ofisi ya mipango miji. Naweza kufika wiki ya pili ya mwezi ujao."

Swali la katikati ndilo lenye thamani zaidi. Karibu kila hifadhi ina shehena ambayo haijaingizwa kwenye katalogi, na aijuaye ni mtu mmoja au wawili wanaofanya kazi pale. Hawawezi kukuambia usipouliza.

Uliza pia kitambulisho kinachotakiwa, saa za kufungua, kama kamera ya simu inaruhusiwa na kwa malipo gani, na maboksi mangapi mtu anaruhusiwa kuomba kwa siku.

Hatua ya tano: chumbani

Begi, koti na maji vinabaki nje. Unaingia na penseli, karatasi, kompyuta na simu. Kalamu ya wino haikanyagi mle, kwa kuwa doa la penseli hufutika na la wino halifutiki.

Nawa mikono uikaushe vizuri. Glavu za pamba watu huziona kwenye filamu wakadhani ni sharti, lakini kwa karatasi za kawaida hifadhi nyingi siku hizi hupendelea mkono mtupu, safi na mkavu, kwa sababu kidole ndani ya glavu hakihisi ukingo wa karatasi na huichana. Glavu ni za picha na hasi zake.

Fungua boksi moja tu, toa kablasha moja tu. Utepe uliofunga bunda ufungue taratibu, uuweke upande mmoja, utakapomaliza uufunge vilevile. Usilowanishe kidole kwa mate kufungua kurasa. Usiegemeze kiwiko juu ya daftari. Wino wa chuma uliotumiwa kwa karne nyingi una asidi, na pengine utaona herufi zimekula karatasi hadi zimetoboka kama tarizi. Ukurasa wa namna hiyo usiukunje wala kuugeuza peke yako, mwite msimamizi.

Na mpangilio wa karatasi usiuguse, hata kama unauona hauna maana. Barua ya Machi iliyo nyuma ya barua ya Julai inaweza kuwa iliwekwa pale kwa sababu karani aliitoa kuisoma Julai alipojibu. Ukiirudisha mahali "sahihi" umeufuta ushahidi huo.

Hatua ya sita: kusoma mwandiko, tarehe na anwani

Nusu saa ya kwanza na mwandiko wa zamani huvunja moyo. Usianze na sentensi ngumu. Tafuta maneno ambayo lazima yawepo, kama majina ya miezi, jina la mji, "mheshimiwa", tarakimu, na kutokana nayo jitengenezee alfabeti ya karani huyo kwenye kipande cha karatasi: hii ndiyo s yake, hii ndiyo h yake. Nakili unachokiona herufi kwa herufi, na usipoweza weka nukta, usikisie. Ukishapita kurasa kumi za mkono mmoja utaanza kumsoma kama unavyomsoma rafiki. Kuna miandiko inayohitaji kujifunza hasa, kama ule wa Kijerumani uitwao Kurrent, na kuna programu kama Transkribus inayofundishwa kusoma miandiko ya mkono. Inasaidia sana kwa vitabu virefu vya mkono mmoja, lakini majina ya watu hukosea, kwa hiyo majina yahakiki kwa jicho.

Tarehe nazo zina mitego. Katika England na makoloni yake, hadi 1752, mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi, hivyo barua iliyoandikwa 10 Februari 1720 kwa hesabu yetu ni ya 1721. Mwaka huohuo wa 1752, siku iliyofuata tarehe 2 Septemba ilikuwa tarehe 14. Ufaransa ilitumia kalenda ya mapinduzi yenye majina yake ya miezi hadi mwisho wa 1805. Hati za Hijria zina mwaka wa siku 354 au 355, kwa hiyo huwezi kutoa tofauti ya miaka moja kwa zote: mwaka 1300 Hijria ulianza Novemba 1882, na ukitaka tarehe kamili tumia jedwali la kubadilishia. Nakili kwanza tarehe kama ilivyoandikwa, kisha uweke yako pembeni.

Mtego mbaya zaidi ni wa anwani. Namba za nyumba zilibadilishwa na mitaa ikapewa majina mapya, na daftari halikuambii. Chicago ilibadilisha namba zake za nyumba karibu mji mzima mwaka 1909. Mtu anayesoma anwani ya 1905 akaenda kusimama mbele ya namba ileile leo, huenda amesimama vitalu kadhaa mbali na nyumba yenyewe. Kabla ya kuamini anwani yoyote, uliza mezani kama lipo jedwali la namba za zamani na mpya, na orodha ya mitaa iliyobadilishwa majina.

Kisha ilinganishe na ramani. Marekani kuna ramani za kampuni ya Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya bima ya moto tangu 1867 na kufikia takriban miji 12,000. Wenye bima walitaka kujua jengo litawaka upesi kiasi gani, basi wakalipaka rangi kwa malighafi yake: waridi kwa matofali, njano kwa mbao, buluu kwa mawe, kijivu kwa chuma. Wakaandika idadi ya ghorofa, wakaonyesha mabomba ya maji na mara nyingi kazi ya jengo, kama ni banda la farasi au duka la kushona. Hata kama mji wako haukuwa na ramani hizo, tafuta mtu aliyekuwa na sababu kama yao ya kutazama nyumba kwa karibu: mthamini, mhandisi wa mifereji, zimamoto.

Hatua ya saba: namba kwanza, picha baadaye

Niliwahi kupiga picha zaidi ya mia mbili kwa siku moja, nikifurahia kasi yangu. Nyumbani nikaikuta barua niliyoitafuta kwa miezi. Mwandiko ulisomeka, tarehe ilikuwepo, saini ilikuwepo, lakini sikujua imetoka boksi lipi kati ya sita. Barua isiyo na namba ya rejea huwezi kuitumia mahali popote, kwa kuwa hakuna awezaye kwenda kuihakiki. Ilinibidi nirudi siku mbili.

Tangu hapo, kila ninapofungua kablasha napiga picha ya jalada lake na namba ya boksi, kisha ndipo kurasa. Andika namba ya rejea kwenye kipande cha karatasi na ukiweke ukingoni mwa kila ukurasa unapopiga, ili namba na maandishi viwe kwenye picha moja. Piga na nyuma ya karatasi hata kama ni tupu, maana huko ndiko mihuri ya kupokelewa na maandishi ya penseli ya wakubwa yanakojificha. Usiku uleule badilisha majina ya mafaili kwenye kompyuta. Ukiacha hadi wiki ijayo umeshasahau.

Andika pia ulikotafuta ukakosa: daftari hili, miaka hii, hakuna. Orodha hiyo itakuokoa usirudie kazi mwaka kesho.

Kama unataka kuchapisha picha, ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuchapisha. Hakimiliki ya barua inaweza kuwa bado ya warithi wa aliyeiandika ingawa karatasi yenyewe ni mali ya mji.

Hatua ya nane: mhoji karani

Kilichoandikwa ni kile karani alichoambiwa, au alichotaka kuambiwa. Umri kwenye fomu ulikisiwa. Mtu alipunguza idadi ya vyumba ili kodi ipungue. Baba alitaja kazi yenye heshima kuliko aliyokuwa akiifanya. Kwa kila habari jiulize aliyeitoa alikuwa anajua nini, na angefaidika nini akisema uongo. Ukipata karatasi mbili za ofisi tofauti zisizojuana, zikakubaliana, hapo simama imara.

Wapo pia ambao karani hakuwaona. Daftari la kodi linamjua mwenye nyumba, mpangaji wa chumba cha nyuma halimjui. Mke anaonekana siku mume anapokufa. Mtumishi wa ndani, mchuuzi asiye na leseni, familia iliyojenga pasipopimwa, hawa hawana mstari wao. Kutokuwemo kwao hakumaanishi hawakuwepo. Watafute mji ulipogongana nao: kumbukumbu za mahakama ndogo, amri za kubomoa, ripoti za bwana afya anayehesabu watu wangapi wamelala chumba kimoja, orodha za waliopewa msaada, maombi yaliyotiwa saini au alama ya dole gumba na wakazi wa mtaa mzima. Ombi la namna hiyo nikilipata huwa nalisoma mara mbili, majina yote hadi la mwisho, hata yasiyonihusu.

Kabla hujaondoka, rudi mezani na ulichokigundua. Ukikuta karatasi iko kwenye kablasha lisilo lake, usiihamishe, onyesha. Ukiona katalogi imekosea mwaka, andika namba ya rejea na mwaka sahihi kwenye karatasi umpe mtunza nyaraka. Na kama umeshatengeneza orodha yako ya majina ya mitaa ya zamani na ya sasa, mwachie nakala. Ataiweka pale mezani, na kesho atakuja mwingine mwenye anwani ya zamani mkononi, aanzie pale ulipoishia.